Mgonjwa wa Moyo na Damu Yake Mwenyewe

*Ndugu akitakiwa kupasuliwa moyo, sisi hukimbilia kutafuta watu wa kutoa damu. Lakini kazi kubwa ya familia huanza wiki kadhaa kabla, na huanza kwa swali dogo.*

Ujumbe uliingia kwenye kundi la familia saa tatu usiku. "Assalaam aleykum. Ami atafanyiwa operesheni ya moyo Jumanne. Inahitajika damu. Atakayeweza aandike jina." Kabla ya saa sita tulikuwa na majina 14, kutoka Al Hail, Mawaleh, Ruwi, na mmoja wa Sohar aliyesema atatoka alfajiri.

Ndiyo desturi yetu. Mtu wetu akiguswa, tunakuja wengi. Asubuhi ile tulifika watu 11 benki ya damu. Sita wakarudishwa. Watatu walikuwa wametoka likizo Unguja wiki chache nyuma, na mtu aliyetoka nchi yenye malaria husubirishwa kwanza. Mmoja alikuwa na mafua, mmoja alikuwa kwenye dozi ya dawa. Wa sita alikuwa binti wa ami mwenyewe. Alipotobolewa kidole aliambiwa damu yake ni haba, na kwamba yeye ndiye anayehitaji tiba.

Mchana simu ikalia. Operesheni imeahirishwa. Hemoglobini ya ami, ile namba tunayoisema "damu yake ni ngapi", ilikuwa 9.8.

Nakiri kwamba tulikasirika. Shangazi alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Damu si tumeshatoa? Wamtie, waendelee!" Muuguzi wa kliniki, mama mwenye subira, alimjibu taratibu: "Ndoo ikivuja hujazi maji tu. Kwanza unatafuta tundu."

Tundu lilipatikana, na lilipopatikana tuliona haya, maana dalili zake zilikuwa nyumbani kwetu muda wote. Nitalieleza hapa chini. Kwanza tuelewe kwa nini damu ina uzito mkubwa kiasi hiki katika upasuaji wa moyo.

Kwa nini upasuaji wa moyo hutumia damu nyingi

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Ili daktari aweze kushona mshipa mwembamba kama tambi juu ya moyo, au kubadilisha mlango wa moyo uliochakaa, mara nyingi moyo husimamishwa na kazi yake ikafanywa na mashine ya moyo na mapafu. Upasuaji wa kwanza wa ndani ya moyo uliofanikiwa kwa mashine hiyo ulifanyika tarehe 6 Mei 1953 mjini Philadelphia, Marekani, mikononi mwa Dokta John Gibbon. Mgonjwa alikuwa msichana wa miaka 18.

Mashine inaokoa maisha, lakini inaichosha damu kwa njia tatu. Kwanza, mipira yake hujazwa maji ya dripu, lita moja au zaidi, nayo huchanganyika na damu ya mgonjwa. Ni kama kuongeza maji katika birika la chai: chai ni ile ile, lakini imekuwa nyepesi. Aliyeingia na damu haba hana akiba ya kuhimili hilo. Pili, ili damu isigande ndani ya mipira, mgonjwa hupewa heparini nyingi, na mwisho wa kazi hupewa protamini ya kuiondolea nguvu. Katikati ya dawa hizo mbili damu huwa haiwezi kuganda ipasavyo. Tatu, damu inapozunguka kwenye plastiki na kupoozwa, chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, huchoka na kupungua.

Zamani mashine hizo zilijazwa damu ya watu, chupa nyingi kwa mgonjwa mmoja. Mapema katika miaka ya 1960, Dokta Denton Cooley wa Houston alianza kuijaza mashine maji ya sukari badala ya damu, akaweza kuwapasua hata wagonjwa ambao imani yao ya dini haiwaruhusu kuongezewa damu. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya operesheni 542 za moyo na mishipa zilizofanywa bila kuongeza damu. Yaliyojifunzwa kwa wagonjwa hao leo yanamfaa kila mgonjwa.

Wagonjwa hawatumii damu sawasawa. Miongozo ya madaktari wa upasuaji wa kifua wa Marekani inaeleza kwamba watu 10 hadi 20 katika kila 100 hutumia takriban asilimia 80 ya damu yote. Hao ni wazee, watu wenye miili midogo, walioingia na damu haba, wanaotumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, na wanaopasuliwa kwa dharura au kwa mara ya pili. Umri hatuwezi kuubadilisha. Lakini damu haba na dawa ni mambo mawili ambayo mara nyingi yanaweza kushughulikiwa kabla ya siku yenyewe.

Kuongezewa damu kuna ubaya gani?

Tusielewane vibaya. Damu huokoa maisha, na anayevuja sana lazima aongezewe. Makala hii haimwambii mtu akatae damu. Isitoshe, damu ya benki hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na maradhi mengine kabla ya kumfikia mgonjwa.

Lakini damu ya mtu mwingine ni sawa na kiungo cha mtu mwingine, ila ni cha majimaji. Mwili unaweza kuipinga. Mapafu yanaweza kujaa maji. Moyo dhaifu unaweza kulemewa. Na mtu aliyeongezewa mara nyingi anaweza kutengeneza kinga zitakazofanya iwe shida kumpatia damu inayomwafiki siku za mbele. Ndiyo maana madaktari walitaka kujua: tunaweza kusubiri mpaka wapi?

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao TRICS III, uliofanyika katika hospitali 73 za nchi 19, kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo karibu 5,000. Kundi la kwanza liliongezewa damu pale tu hemoglobini iliposhuka chini ya 7.5. Kundi la pili liliongezewa mapema, chini ya 9.5 wakiwa chumba cha upasuaji au cha mahututi, na chini ya 8.5 wakiwa wodini. Katika kundi la kwanza asilimia 52 waliongezewa damu, katika la pili asilimia 73. Kisha wakahesabiwa waliofariki, waliopata shambulio la moyo au kiharusi, na ambao figo zao zilishindwa hadi kusafishwa damu kwa mashine: asilimia 11.4 katika kundi la kwanza na 12.5 katika la pili. Waliosubirishwa hawakudhurika zaidi.

Jimbo la Australia Magharibi lilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2008 lilianzisha utaratibu wa kuitunza damu ya mgonjwa katika hospitali zake kubwa: kutibu damu haba mapema, kupunguza uvujaji, na kuongeza damu pale tu inapobidi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017, iliyohesabu wagonjwa 605,046, ilionyesha kwamba damu na mazao yake yaliyotumika kwa kila mgonjwa yalipungua kwa asilimia 41, na vifo hospitalini vilipungua pia. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza nchi zote kufuata njia hiyo tangu azimio la mwaka 2010.

Wiki nne kabla: tundu liko wapi?

Sasa turudi kwa ami. Ana miaka 67. Alizaliwa Unguja na kuja Maskati akiwa kijana, katika miaka ya 1970. Kiarabu chake ni cha kazini na sokoni. Mambo ya mwili wake huyasema kwa Kiswahili tu. Kliniki aliulizwa kwa Kiarabu anatumia dawa gani za moyo, naye akazitaja zote, moja moja. Za magoti hakuulizwa, na hakuzitaja. Mtoto wake aliyempeleka alikuwa nje anatafuta mahali pa kuegesha gari.

Nyumbani, droo ya kitanda chake ilikuwa imejaa Voltaren. Alimeza kila siku kwa mwaka mzima, juu ya aspirini ya moyo. Dawa hizo mbili pamoja huchubua tumbo. Madaktari walipomtia kamera wakakuta kidonda kinachovuja kidogo kidogo. Choo chake kilikuwa cheusi kwa miezi, na yeye alidhani ni tende.

Haya yote sisi tuliyajua nusu nusu. Mke wake alijua vidonge, mjukuu alijua kwamba babu anachoka kupanda ngazi, mwenyewe alijua habari ya choo. Hakuna aliyeyaweka pamoja. Kama wewe ni mwanafunzi na ndiye unayemtafsiria bibi au babu hospitalini, kazi yako si kugeuza maneno ya daktari tu. Kabla ya kwenda, fungua droo. Tia kila dawa katika mfuko, pamoja na zile za dukani, uende nazo.

*Damu haba.* Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima huhesabiwa ana upungufu wa damu hemoglobini ikiwa chini ya 13, na mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Kabla ya upasuaji mkubwa, kipimo hicho kifanywe mapema, si jana yake. Wiki tatu au nne zinatosha kufanya jambo, ikiwa hali ya moyo inaruhusu kusubiri. Mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia huenda asiwe na nafasi hiyo, na hilo huamuliwa na daktari.

*Madini ya chuma.* Kipimo cha feritini huonyesha akiba ya chuma mwilini. Ikiwa imekwisha, vidonge husaidia lakini huchukua wiki hadi miezi, na watu wengi huwaumiza tumbo. Chuma cha dripu hufanya kazi haraka zaidi. Ami alipewa dripu mbili na dawa ya kidonda. Wiki nne baadaye hemoglobini yake ilikuwa 12.1.

*Chakula.* Nyama, samaki, kunde, choroko na mchicha vina chuma, na ndimu au chungwa husaidia mwili kukichukua. Chai na kahawa hufanya kinyume. Kikombe cha chai ya rangi juu ya wali wa mchana hukizuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo kisubiri saa moja au mbili. Lakini tusijidanganye: chakula peke yake hakijazi pengo kubwa ndani ya wiki nne.

*Dawa za kuifanya damu iwe nyepesi.* Klopidogreli kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, warfarini pia takriban siku 5, tikagrelori siku 3 hadi 5. Aspirini mara nyingi huendelea. Usisimamishe hata moja kwa uamuzi wako. Mtu aliyewekewa kichuma cha kuupanua mshipa wa moyo, akiacha dawa ghafla, mshipa unaweza kuziba. Uliza uandikiwe tarehe ya kuacha kila dawa.

*Dawa za asili.* Vidonge vya kitunguu thomu, mafuta ya samaki na jinsengi vinaweza kuongeza uvujaji. Habasoda na hulba za kila siku nazo zitajwe. Daktari hatakucheka, na akicheka, si kitu. Muhimu ajue.

Mezani

Siku ya upasuaji kazi inakuwa ya wataalamu, lakini ni vizuri familia ijue wanafanya nini.

Kuna dawa ya bei nafuu iitwayo asidi ya traneksamiki. Iligunduliwa Japani na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, waliochapisha habari zake mwaka 1962. Utako alitaka kuwaokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Dawa hiyo huzuia donge la damu lisiyeyuke mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa wagonjwa zaidi ya 4,600 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo, ulilinganisha waliopewa dawa hiyo na wasiopewa. Waliopewa walitumia jumla ya chupa 4,331 za damu na mazao yake, wenzao 7,994. Waliorudishwa mezani kwa sababu ya uvujaji au moyo kubanwa na damu walikuwa asilimia 1.4 dhidi ya 2.8. Ina doa lake pia: degedege lilionekana kwa asilimia 0.7 ya waliopewa, dhidi ya 0.1, ndiyo maana kipimo chake huangaliwa kwa makini.

Kuna mashine ya kuokota damu. Inafyonza damu iliyomwagika kifuani, inaizungusha kwa kasi, inaiosha kwa maji ya chumvi, kisha chembe nyekundu zinarudishwa kwa mwenyewe. Watu husikia hivyo wakadhani suluhisho limepatikana. Hapa Maskati, madaktari wa damu na wa upasuaji wa moyo wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Al Khoudh, walifuatilia wagonjwa wao, wakachapisha onyo kwamba kutumia mashine hiyo huenda kukaongeza haja ya kupewa chembe sahani. Sababu inaeleweka: kinachooshwa ni pamoja na vile vinavyoigandisha damu, na kinachorudi ni chembe nyekundu tu. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo, daktari wa upasuaji wa moyo Hilal Al Sabti, aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Oman mwaka 2022. Mashine bado ina kazi yake, hasa uvujaji unapokuwa mkubwa, lakini utafiti wa hapa hapa umeonyesha kwamba haiondoi haja ya kufikiri.

Mbinu nyingine ni za kawaida zaidi. Mipira ya mashine hufupishwa ili maji ya kuchanganyika yapungue. Mgonjwa hupashwa joto vizuri kabla ya kutolewa kwenye mashine, kwa kuwa damu baridi haigandi. Kuna kipimo kinachofanyika pembeni ya meza kuonyesha damu inashindwa wapi kuganda, ili apewe kinachokosekana tu. Juu ya yote kuna mkono wa daktari mwenye kuhakikisha kila tundu limezibwa kabla hajafunga kifua.

Baada ya kushonwa

Katika chumba cha mahututi kuna uvujaji mwingine usioonekana: sindano za vipimo. Damu ikichukuliwa mara nyingi kwa siku, katika vichupa vikubwa, mgonjwa hupoteza kiasi cha kuhesabika kwa wiki moja. Hospitali nyingi sasa hutumia vichupa vidogo na huuliza kila kipimo kina faida gani.

Jambo la pili ni chupa moja moja. Zamani ilikuwa kawaida kuagiza mbili kwa pamoja. Sasa, mgonjwa asipokuwa anavuja kwa nguvu, hupewa moja, hupimwa, kisha ndiyo hufikiriwa ya pili. Na mpira wa kifuani ukiendelea kutoa damu nyingi, dawa yake si chupa juu ya chupa. Ni kurudi mezani kutafuta panapovuja.

Damu zetu sisi wa pande mbili

Familia zetu zina mizizi Oman na pwani ya Afrika Mashariki, na kote huko kuna maradhi ya damu ya kurithi. Uchunguzi wa kitaifa wa Oman wa miaka ya 1990 uliwakuta takriban watoto 6 katika kila 100 wamebeba chembe ya selimundu, na 2 katika 100 ya beta-talasemia. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD uko kwa takriban robo ya wavulana.

Hili linagusa upasuaji wa moyo kwa njia tatu. Mwenye selimundu hahitaji kupoozwa sana wala kukosa hewa mezani, na pengine hubadilishiwa sehemu ya damu kabla. Mwenye talasemia hafifu ana chembe ndogo na damu haba kidogo ambayo kwa macho ya haraka hufanana na upungufu wa chuma. Huyo akinunua vidonge vya chuma kwa miezi, hapati faida ikiwa akiba yake ya chuma imejaa, ndiyo maana feritini ipimwe kwanza. Na mwenye upungufu wa G6PD anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu akipewa dawa fulani. Mojawapo ni methilini bluu, ambayo hutumika wakati mwingine shinikizo la damu linapoanguka baada ya upasuaji wa moyo. Mtoto aliyewahi kuambiwa asile bagila, hata akiwa na miaka 60 leo, aliseme hilo.

Je, tuache kutoa damu?

Hapana. Watoto wenye talasemia hapa Maskati wanahitaji damu kila baada ya wiki chache, maisha yao yote. Kila chupa asiyoihitaji mgonjwa wa moyo inabaki kwa ajili yao. Mwezi wa Ramadhani na katika joto la kiangazi watu wengi husafiri au hukwepa, na benki ya damu hupungukiwa.

Ila tubadilishe mambo mawili. Kwanza, damu ya mwana au ndugu wa tumbo moja si bora kuliko ya mgeni. Kwa jamaa wa karibu kuna hatari, adimu lakini kubwa, ya chembe za mtoaji kuushambulia mwili wa aliyepewa, na kwa hiyo damu hiyo inapaswa kupigwa mionzi kwanza. Kwetu sisi, tunaooana kwa mabinamu, jambo hili lina uzito zaidi. Toa damu iingie benki, imfae yeyote. Pili, usingoje mgonjwa wako. Toa kabla ya safari ya Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, maana ukirudi huenda ukasubirishwa miezi.

Wenye wazee nyumbani wanaweza kuuliza maswali haya haya huko pia. Tangu mwaka 2015 Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa India hupasuliwa hapo. Anayetuma pesa za matibabu kutoka Maskati, London au Toronto anaweza pia kutuma swali: hemoglobini yake imepimwa lini?

Maswali ya kwenda nayo

Yaandike kwenye karatasi, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa:

1. Hemoglobini yake ni ngapi leo, na feritini je?
2. Kama ni haba, sababu ni nini, na tuna muda wa kuitibu kabla ya upasuaji?
3. Kila dawa hii iliyo mfukoni, ya hospitali, ya dukani na ya asili, aiache lini au aendelee nayo?
4. Katika ukoo wetu kuna selimundu, talasemia au G6PD. Amepimwa?
5. Atapewa dawa ya kupunguza uvujaji? Ana historia ya kifafa?
6. Mtaamua vipi kumwongezea damu, na kwa kipimo gani?
7. Baada ya kutoka hospitali, damu yake itapimwa tena lini?

Hakuna daktari mzuri atakayechukizwa na maswali hayo.

Ami alipasuliwa wiki tano baada ya Jumanne ile ya kwanza. Alipandikizwa mishipa mitatu. Usiku wa pili hemoglobini ilishuka hadi 7.3, akapewa chupa moja. Asubuhi akapimwa, ikatosha. Hatujui damu ile ilitoka kwa nani, wala hatujui chupa zile tano za kwetu zilimwendea nani.

Voltaren imetoka kwenye droo. Shangazi anazihesabu dawa zake kila Ijumaa, na chai wanakunywa alasiri, mbali na chakula. Binti yao alitibiwa upungufu wa chuma kwa miezi minne. Mwezi uliopita alikwenda tena benki ya damu kule Bausher, akatobolewa kidole, na safari hii wakamwambia apande kitandani.